Kufundisha Mwangaza wa Vitu vya Mbali: Funzo Kutokana na Kwasari

Katika msimu mmoja wa mazoezi ya kufundisha tulikaa nyuma ya darasa la sita, daftari la tathmini mapajani, tukimsikiliza mwanachuo akifundisha somo la nyota. Andalio lake la somo lilikuwa safi, mwandiko wake ulisomeka hata kutoka dawati la mwisho, na sauti yake haikutetereka. Aliandika ubaoni: "Nyota inayong'aa sana iko karibu; nyota hafifu iko mbali." Watoto wakanakili. Ndipo msichana mmoja aliponyoosha mkono, akasimama, akasema, "Samahani, mwalimu. Je, ile hafifu haiwezi kuwa ndogo tu, nayo iko karibu?" Mwanachuo akasita kidogo, kisha akamwambia akae, kwa maana wakati wa maswali ulikuwa bado. Kengele ililia kabla wakati huo haujafika.

Hatumlaumu mwanachuo yule kupita kiasi. Sote tumewahi kuliahirisha swali tusilolijua jibu lake, na kengele imetusitiri mara nyingi. Lakini yafaa ieleweke kwamba mtoto yule hakuuliza jambo dogo. Aliuliza swali ambalo wanaastronomia walishindana nalo kwa miaka mingi walipotaka kujua jinsi kwasari, vitu ving'aavyo kuliko vyote vidumuvyo angani, zilivyobadilika mwangaza wake tangu ulimwengu ulipokuwa mchanga. Katika makala hii tungependa kulifuata swali lake hadi huko, kisha turudi nalo darasani. Hatukusudii kwamba neno "kwasari" liandikwe ubaoni mbele ya watoto wa darasa la sita. Tunakusudia kwamba mwalimu awe amesafiri mbele zaidi ya somo lake, ili mtoto atakapouliza, asilazimike kumkalisha.

Taa na umbali

Mwangaza tunaouona machoni ni zao la mambo mawili yaliyofungwa pamoja: nguvu ya chanzo chenyewe na umbali wake kutoka kwetu. Tuuite ule tunaoupokea "mwangaza wa machoni", na ule unaotoka kwenye chanzo tuuite "mwangaza wa chimbuko". Kosa la sentensi iliyoandikwa ubaoni siku ile ni kwamba iliuchukulia mwangaza wa chimbuko kuwa sawa kwa nyota zote. Si sawa hata kidogo.

Jinsi umbali unavyoupunguza mwangaza wa machoni laweza kuonyeshwa kwa zana zinazopatikana katika shule yoyote. Chukueni kipande cha boksi, mkate ndani yake tundu la mraba lenye upande wa sentimita 5. Liwekeni nusu mita kutoka kwenye koroboi, katika chumba chenye giza. Nyuma ya boksi hilo simamisheni karatasi nyeupe, mita 1 kutoka kwenye koroboi. Doa la mwanga litakaloonekana kwenye karatasi litakuwa na upande wa sentimita 10. Mwanga uliopita katika mraba mmoja sasa umesambazwa juu ya miraba 4 iliyo sawa na ule wa kwanza, na kila mraba umepata robo tu. Isogezeni karatasi hadi mita 1 na nusu: upande utakuwa sentimita 15, na miraba itakuwa 9. Watoto wenyewe watatambua kwamba umbali ukizidishwa mara mbili mwanga hugawanywa kwa 4, ukizidishwa mara tatu hugawanywa kwa 9. Waachieni watambue, msiwatangulie kwa kuandika kanuni.

Tahadhari mbili. Kingo za doa zitakuwa na ukungu kwa sababu mwale wa koroboi una upana wake, basi watoto wapime katikati ya ukungu huo. Tena, anayetaka kutumia tochi badala ya koroboi hana budi kwanza kuivua ile sahani yake ya kuakisia. Sahani hiyo huukusanya mwanga ukaenda upande mmoja, na jaribio zima litaharibika mbele ya darasa. Tumeliona likiharibika.

Baada ya jaribio hilo yafaa jingine, la usiku, kwa shule zenye bweni au kijiji kilicho jirani. Koroboi iwekwe karibu na karabai iwekwe mwisho wa uwanja. Mahali fulani patapatikana ambapo taa hizo mbili zitaonekana sawa. Mtoto atakayetakiwa kusema ipi ni ipi hataweza, kwa kuwa jicho lake limepewa namba moja tu na ameulizwa namba mbili. Ili aweze, lazima apate njia nyingine ya kuujua umbali, njia isiyotegemea mwangaza. Hapo ndipo jibu la msichana yule lilipo: naam, ile hafifu yaweza kuwa ndogo na karibu, wala hatutajua mpaka tuupime umbali kwa njia ya pili.

Nyota ambayo haikuwa nyota

Mnamo miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, darubini za redio zilikuwa zikigundua vyanzo vingi vya mawimbi angani ambavyo havikujulikana ni nini. Kimojawapo kiliorodheshwa huko Cambridge, Uingereza, kwa jina la 3C 273, katika kundi la nyota la Mashuke. Mwaka 1962 mwezi ulipita mbele ya chanzo hicho. Cyril Hazard na wenzake, wakitumia darubini ya redio ya Parkes huko Australia, waliandika nyakati hasa ambapo mawimbi yalikatika na kurudi. Kwa kuwa mahali pa mwezi angani hujulikana barabara kwa kila dakika, mahali pa chanzo pakajulikana vilevile. Hapo palionekana kitu kama nyota ya kawaida, hafifu mno kwa macho matupu lakini si vigumu kukiona kwa darubini ya kiasi.

Mholanzi Maarten Schmidt, aliyekuwa akifanya kazi California, aliupima mwanga wake kwa darubini ya Palomar yenye kioo cha kipenyo cha mita 5. Mwanga ukitandazwa kama upinde wa mvua, kila elementi hujitambulisha kwa mistari yake, kama alama za vidole. Mistari ya 3C 273 haikufanana na ya kitu chochote. Mwezi Februari 1963 Schmidt alitambua kwamba ilikuwa ni mistari ya haidrojeni, gesi iliyo ya kawaida kuliko zote, ila yote imesogezwa kuelekea upande wa wekundu kwa takriban sehemu 16 katika kila 100. Mstari ambao maabara huuonyesha kwenye nanomita 486 ulikuwa kwenye nanomita 563.

Kusogea huko ndiko njia ya pili tuliyoitafuta. Ulimwengu unatanuka, na wimbi la mwanga lililo safarini hutanuka pamoja nao. Kadiri safari ilivyokuwa ndefu, ndivyo wimbi lilivyovutika. Darasani, ukanda uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, uliochorwa mawimbi kwa chaki na kuvutwa polepole, hulieleza jambo hili vizuri kuliko maneno yetu. Mwanga wa 3C 273, kwa kipimo hicho, uliondoka huko miaka bilioni 2 hivi iliyopita.

Umbali ulipojulikana, mwangaza wa chimbuko ukahesabika, na matokeo yake yaliwashangaza wengi. Kitu hicho hutoa mwanga wa majua trilioni 4 hivi. Lau kingewekwa umbali wa miaka 33 ya nuru kutoka kwetu, mahali ambapo jua letu lenyewe lingekuwa nyota hafifu ya kawaida, kingetuangazia takriban sawa na jua litoavyo mwanga adhuhuri. Tena picha za zamani zilizohifadhiwa Harvard tangu karne ya 19 zilionyesha kwamba mwanga wake hupanda na kushuka. Kitu hakiwezi kubadilika chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga hutumia kukivuka. Kwa hiyo chanzo hicho ni kidogo mno kikilinganishwa na galaksi. Jina "kwasari" lilibuniwa mwaka 1964. Leo twajua kwamba kiini cha kila kwasari ni shimo jeusi lenye uzito wa mamilioni au mabilioni ya majua, na kwamba mwanga wenyewe hautoki shimoni bali katika gesi inayozunguka na kupata joto kali kabla ya kumezwa.

Kuna kwasari nyingine ambayo tungependa iwekwe ubavuni mwa 3C 273. Inaitwa J0529-4351. Ilikuwamo katika picha za anga tangu mwaka 1980, ikidhaniwa kuwa nyota, na hata kompyuta zilizopewa kazi ya kuchambua zilidhani ni angavu mno kwa macho kuweza kuwa kwasari ya mbali. Mwaka 2024 wanaastronomia walitangaza kwamba mwanga wake umesafiri zaidi ya miaka bilioni 12, na kwamba mwangaza wake wa chimbuko ni kama majua trilioni 500. Kwa macho ya darubini ni hafifu kuliko 3C 273. Kwa chimbuko inaizidi zaidi ya mara 100. Ni koroboi na karabai za uwanjani, isipokuwa kwamba hapa aliyedanganyika ni mashine.

Hesabu ya taa za wavuvi

Sasa tufike kwenye swali lenyewe. Kutazama mbali ni kutazama zamani: mwezi twauona ulivyokuwa sekunde moja na kitu iliyopita, jua dakika 8 na kitu, galaksi ya Andromeda miaka milioni 2 na nusu. Kwasari hutupeleka nyuma kwa mabilioni ya miaka. Yaonekana basi kwamba kazi ni nyepesi: tazama za karibu, tazama za mbali, linganisha. Kazi hiyo si nyepesi, na sababu yake wanaijua watoto wa Ukerewe na Kigoma.

Usiku wa giza wavuvi wa dagaa huenda ziwani na taa, hapo zamani karabai, na siku hizi mara nyingi taa za betri. Anayesimama ufukoni huona taa za karibu za kila namna, kubwa na ndogo. Za mbali huona kubwa tu. Ndogo zimemezwa na giza. Akihesabu pasipo kufikiri atasema, "Wavuvi wa mbali wana taa kubwa kuliko wa karibu." Atakuwa amesema uongo bila kukusudia. Hakuziona taa zote za mbali. Aliziona zile zilizoweza kumfikia.

Ndivyo ilivyo kwa kwasari. Katika orodha yoyote ile, za mbali zitaonekana kuwa na mwangaza mkubwa wa chimbuko, hata kama hakuna lililobadilika tangu mwanzo. Dawa yake ni mbili. Kwanza, linganisha karabai na karabai: chagua kiwango kimoja cha mwangaza wa chimbuko, kinachoweza kuonekana katika masafa yote, ukihesabu za kiwango hicho tu. Pili, kumbuka kwamba ukanda wa mbali wa ziwa ni mpana kuliko wa karibu, hivyo usihesabu taa tu bali taa kwa eneo.

Mwaka 1968 Schmidt alitumia njia ambayo twaipenda kwa sababu mtoto aweza kuicheza uwanjani. Kwa kila kwasari alijiuliza: ingeweza kupelekwa umbali gani zaidi na bado ionekane? Hilo lilimpa nafasi yote ambamo kwasari ile ingeweza kuwamo katika orodha. Kisha aliuliza imekaa wapi ndani ya nafasi hiyo. Ikiwa kwasari zimetawanyika sawasawa katika nyakati zote, basi kwa wastani nusu zitakuwa katika nusu ya ndani na nusu katika nusu ya nje. Uwanjani, chora duara la hatua 10. Nusu ya eneo lake haiko kwenye hatua 5 kama watoto watakavyosema kwa sauti moja, bali kwenye hatua 7, kwa kuwa 7 mara 7 ni 49, na 10 mara 10 ni 100. Watawanye kokoto sawasawa, wahesabu ndani ya hatua 7 na nje yake, na wataona hesabu zinakaribiana. Kisha rundikeni kokoto kwa makusudi upande wa nje, mwaite mtoto ambaye hakuwapo, aambiwe ahesabu na kusema kama kuna aliyezichezea. Atajua. Schmidt naye alijua: kwasari zilikuwa zimerundikana upande wa nje, yaani upande wa zamani, kupita kiasi cha kuweza kuitwa bahati.

Lililokuwa hatarini hapo halikuwa dogo. Mwaka 1948 Hermann Bondi, Thomas Gold na Fred Hoyle walikuwa wametoa nadharia kwamba ulimwengu, ingawa unatanuka, hubaki na sura ileile katika nyakati zote, usio na mwanzo wala uzee. Nadharia hiyo ilikuwa na uzuri wake, na ilikuwa na adabu moja ambayo tungependa wanachuo waipende: ilisema wazi ni kitu gani kingeiangusha. Ikiwa ni kweli, za mbali na za karibu lazima zilingane. Hazikulingana. Hesabu za vyanzo vya redio zilikwisha kutikisa nadharia hiyo, na mionzi hafifu ya anga iliyogunduliwa mwaka 1965 iliipiga pigo kubwa zaidi. Kwasari ziliongeza ushahidi wa namna yake: ulimwengu una historia, nayo inaweza kusomwa kwa kuhesabu taa.

Mioto ya jioni

Tangu hapo hesabu imekuwa kubwa. Upimaji uitwao 2dF, uliofanywa kati ya mwaka 1997 na 2002 huko Siding Spring, Australia, ulikusanya kwasari zaidi ya 23,000, kwa nyuzi za kioo zilizoweza kupokea mwanga wa vitu 400 kwa mkupuo mmoja. Upimaji wa Sloan wa Marekani, katika orodha yake ya mwaka 2020, ulifikisha 750,414. Kwa wingi huo picha imekuwa wazi. Kutoka leo kurudi nyuma, kwasari angavu huongezeka na kuongezeka, mpaka kilele chake miaka kati ya bilioni 10 na 11 na nusu iliyopita, ambapo zilikuwa nyingi zaidi ya mara 100 kuliko zilivyo sasa katika nafasi iliyo sawa. Ukitazama mwangaza badala ya wingi, zile za kawaida za wakati huo zilikuwa na mwangaza wa chimbuko unaokaribia mara 40 ya zile za kawaida za leo. Ukipita kilele na kurudi nyuma zaidi, hupungua tena, na kwa kasi. Mojawapo ya zile za kale sana, J0313-1806, iliyotangazwa mwaka 2021, twaiona ilivyokuwa wakati ulimwengu una umri wa miaka milioni 670 tu.

Hapa mwanachuo mwepesi atasema: "Basi kila kwasari huzaliwa na nguvu, kisha hufifia kidogo kidogo kwa miaka bilioni 10." Sivyo. Kwasari moja haidumu hivyo. Hung'aa kwa mamilioni au mamia ya mamilioni ya miaka, kisha chakula chake hukatika. Tuchukue kijiji kinachotazamwa kutoka mlimani. Saa kumi jioni mioto ya kupikia ni michache. Saa moja usiku kila ua una moto. Saa sita usiku umebaki mmoja hapa na mwingine kule. Mtazamaji aliyeko mlimani ataandika kwamba mwangaza wa kijiji ulipanda ukafika kilele kisha ukashuka, naye atasema kweli. Lakini hakuna moto mmoja uliowaka tangu saa kumi hadi saa sita. Kilichobadilika ni kijiji. Tumekutana na vitabu vizuri vinavyolichanganya jambo hili, kwa hiyo lisemwe polepole darasani, na lirudiwe.

Kwa nini kijiji kilizima mioto? Kwa sababu kuni zilipungua. Kuni za kwasari ni gesi, na katika ujana wa ulimwengu gesi ilikuwa nyingi, galaksi zilikuwa karibukaribu, zikigongana na kumezana, na gesi ikimiminika hadi vitovuni. Baadaye sehemu kubwa ya gesi ikawa nyota, nyingine ikapulizwa nje na kwasari zenyewe au ikabaki ya moto mno hata isiweze kutulia. Inashangaza pia kwamba mioto mikubwa ndiyo iliyozimika mapema. Vipimo vya mionzi ya eksirei vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilionyesha kwamba viini vyenye mwangaza mdogo vilifika kilele chao baadaye sana kuliko vile vikubwa. Mtu angetazamia kinyume chake, vidogo kwanza na vikubwa baadaye.

Mioto ikizimika huacha majivu, na majivu yaweza kuhesabiwa. Mwaka 1982 Mpolandi Andrzej Sołtan alijumlisha mwanga wote ambao kwasari zimetupelekea, akakadiria ni gesi kiasi gani lazima iwe imemezwa ili kuutoa. Uzito huo hauwezi kupotea. Lazima ukae katika mashimo meusi yaliyo kimya, ndani ya vitovu vya galaksi za kawaida. Miaka iliyofuata yalipatikana, moja baada ya jingine. Katika galaksi ya M87, ambayo kivuli cha shimo lake kilipigwa picha iliyotolewa mwaka 2019, kuna uzito wa majua bilioni 6 na nusu. Katikati ya galaksi yetu wenyewe, Njia ya Maziwa, kuna shimo lenye uzito wa majua milioni 4 na kitu, nalo limenyamaza karibu kabisa. Anayetazama upande wa Ng'e na Mshale usiku wa mwezi Julai anatazama mafiga ya moto uliozimika.

Kamba ya mita 14

Tukirudi shuleni, tunashauri mambo haya yafundishwe kwa vipindi vitatu visivyofuatana siku moja. Cha kwanza ni cha boksi na koroboi. Cha pili ni cha kokoto uwanjani, nacho chaweza kuunganishwa na hisabati, kwa sababu hesabu ya eneo la duara itapata kazi ya kweli ya kufanya. Cha tatu ni cha kamba.

Tafuteni kamba ya mita 14 hivi, mkapime mita 13 na sentimita 80, kila mita ikiwa miaka bilioni moja. Mwanzo wa kamba ni mwanzo wa ulimwengu, mwisho wake ni siku ya leo. Mtoto mmoja asimame sentimita 67 kutoka mwanzoni: hapo ndipo ile kwasari ya kale ilipong'aa. Watoto wengi wasimame kati ya mita 2 na mita 3 na nusu, kila mmoja na karatasi nyeupe juu ya kichwa. Hicho ni kilele. Kuelekea mwisho wapunguzwe, mpaka mmoja tu asimame kwenye mita 11 na sentimita 80 akiwa 3C 273. Jua na dunia yetu vitapata mtu wao kwenye mita 9 na sentimita 20. Watoto wataona wenyewe kwamba sherehe kubwa ya mwanga ilikuwa imekwisha pita kabla dunia haijakuwapo, na aghalabu hapo darasa hunyamaza kidogo. Msiharakishe kulizungumzisha.

Jiandaeni kwa swali la kama 3C 273 ingalipo. Jibu la haki ni kwamba mwanga tulio nao ni wa miaka bilioni 2 iliyopita, na huenda moto wake ulikwisha zimika zamani. Mwanga wa kutuambia hivyo ungali njiani. Mwalimu anaweza kulisema hilo bila kupoteza heshima yake.

Kuhusu msichana yule, tulirudi pamoja na mwanachuo siku mbili baadaye, tukiwa na boksi na koroboi. Mwanachuo ndiye aliyeanza, akasema mbele ya darasa zima kwamba ile sentensi ya ubaoni haikuwa sahihi, akaomba kila mtu aikate kwa mstari mmoja, isifutwe. Kisha akamwita msichana aje ashike rula. Upepo wa dirishani uliuyumbisha mwale, na vipimo vyao vikatoka sentimita 9 na nusu, 10, na 11. Alitaka kuandika 10 tu. Tukamwomba aandike zote tatu.

Mazoezi kwa wanachuo. Karabai iliyo umbali wa mita 20 inaonekana sawa na koroboi iliyo umbali wa mita 5: mwangaza wa chimbuko wa karabai ni mara ngapi ya ule wa koroboi? Ikiwa jicho lako haliwezi kuiona koroboi hiyo zaidi ya mita 600, karabai itaonekana hadi umbali gani? Na ukizihesabu taa zote unazoziona kutoka ufukoni hadi umbali huo, ni kosa gani utakalolifanya kati ya mita 600 na mwisho, nawe utalirekebishaje?